Kufufua gari la kale la spoti lililoliwa na kutu: mwongozo wa kufanya kazi nyumbani

Maswali ya wanaoanza ni yaleyale kila mara. Nianzie wapi? Dawa ya kutu haitoshi? Matundu nikiyaziba kwa faiba na puti si yatakaa? Mbona mlango haufungi tena tangu nibadilishe bati la chini? Nimeona bora niyajibu yote mahali pamoja, kwa mpangilio ambao kazi yenyewe inautaka.

Kabla ya chochote, elewa kwamba gari lililoliwa sana na kutu haliuawi na matundu. Tundu hukatwa, bati jipya likawekwa, kazi ikaendelea. Kinachoua ni kupoteza umbo. Ukiondoa vyuma vinavyobeba uzito kabla ya kuiegemeza bodi, gari hukunjika milimita chache usizoziona kwa macho, nawe ukachomelea bati jipya juu ya umbo lililopinda. Tangu hapo milango haitakaa, boneti haitakaa, na sasipenshoni itakuwa imefungwa mahali pasipo pake. Ndiyo maana nitakaa sana kwenye kupima na kuegemeza, na rangi nitaipitia upesi.

Jua gari lako limejengwaje

MGB, iliyotengenezwa kuanzia 1962 hadi 1980, haina chasisi ya kujitegemea. Bodi yenyewe ndiyo chasisi. Datsun 240Z ni vivyo hivyo. Kwa magari ya namna hii, kizingiti, yaani lile boksi la bati linalopita chini ya mlango, ndicho uti wa mgongo, na zaidi kama gari halina paa la chuma. Triumph TR6 ina chasisi yake, na bodi imefungwa juu kwa bolti. Triumph Spitfire huwadanganya wengi: chasisi inayo, lakini haina mihimili ya pembeni, kwa hiyo vizingiti vya bodi ndivyo vinavyoifanya kazi hiyo. Anayejiambia “mimi nina chasisi” akakata vizingiti vyote viwili kwa mpigo ataliona gari linalegea mbele yake. Hata faiba si kinga. Lotus Elan, iliyoanza kutoka 1962, ina bodi ya faiba juu ya chasisi ya chuma, na chuma hicho huoza chini ya bodi inayong'aa.

Halafu uliza kama sehemu mpya za bati zinapatikana kwa modeli yako. Mwenye MGB ana bahati: kampuni ya British Motor Heritage ilianza kutengeneza upya bodi nzima za gari hilo mwaka 1988, na vipande vya kila kona vipo. Mwenye gari la nadra atakunja bati mwenyewe kwa sehemu nyingi. Inawezekana kabisa, ila inataka subira ya aina nyingine.

Kama vizingiti, sakafu, nguzo za milango na sehemu zinazoshika sasipenshoni vyote vimeoza kwa pamoja, tafuta bodi nyingine nzima iliyo bora na uhamishie vitu vyako. Hilo si kushindwa. Kuna magari ambayo yamebaki rangi na sahani ya namba tu.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Mahali pakavu penye paa, sakafu ngumu iliyo sawa, na nafasi ya kuzunguka gari lote mlango ukiwa wazi. Hesabu pia nafasi ya kuweka vitu vilivyofunguliwa. Gari lililosambaratishwa hujaza eneo kubwa kuliko gari zima.

Mashine ya kuchomelea ya waya yenye gesi, waya wa milimita 0.6, na gesi ya agoni iliyochanganywa na kaboni dioksidi kidogo. Bati la nje la magari haya kwa kawaida ni milimita 0.8 hadi 1, na mashine ya vijiti vya elektrodi italitoboa kila unapoligusa. Waya usiotumia gesi unafanya kazi, lakini hurusha cheche nyingi na una joto zaidi. Ukiutumia, badilishana nyaya za chanya na hasi ili bunduki ya kuchomelea iwe upande wa hasi kama mashine inavyoelekeza. Wengi husahau, kisha wakailaumu mashine.

Grainda yenye diski nyembamba za kukatia na diski za msasa, keekee na biti ya kutoa nukta za kiwandani (zile nukta za weldi zilizounganisha mabati kiwandani), vibano vingi kuliko unavyodhani, nyundo za bodi na fuawe ndogo ya mkononi, jeki na stendi nne imara, tepu ya kupimia, timazi, rula ndefu ya chuma, bomba za chuma za mraba za milimita 25 kwa kuegemeza, mabati ya milimita 0.9 na 1.2, kadibodi, na kalamu isiyofutika.

Usalama usiupunguzie kitu: kofia ya kuchomelea, miwani, vizibo vya masikio, glavu za ngozi, nguo za pamba, barakoa ya vumbi na ya moshi, kizimamoto, na ndoo ya maji. Gari la zamani lina mazulia, sponji, lami ya kuzuia kelele na grisi ya miongo mingi. Vyote huwaka.

Hatua za kazi

1. Piga picha kila kitu. Kila bomba, kila waya, kila bolti, kabla na baada ya kufungua. Weka bolti za kila sehemu kwenye mfuko wake, andika jina la sehemu na upande. Sehemu iliyooza usiitupe mpaka mpya yake ikae mahali pake. Hata kipande cha kutu kinaonyesha mkunjo ulikuwa wapi na bolti zilipita wapi.

2. Chunguza kutu kwa ukweli wote. Toa mazulia, viti na mapambo ya ndani. Chukua bisibisi butu na nyundo ndogo, gonga na chokoa. Bati zima hulia. Lililooza hutoa sauti mfu. Tafuta pale maji yanaposimama: miguu ya madigadi, ncha za vizingiti, chini ya betri, kona za sakafu, ukingo wa chini wa milango, chini ya kioo cha mbele, mahali springi zinaposhikwa. Kwenye 240Z angalia kibao cha betri na mihimili iliyo chini ya sakafu. Chora gari kwenye karatasi utie alama kila mahali. Kutu inayoonekana kwa nje imetoka ndani, kwa hiyo tarajia kidonda kuwa kikubwa kuliko alama yake.

3. Toa kila kinachowaka. Ondoa betri, tanki la mafuta, na bomba za mafuta zilizo karibu na kazi. Tanki lipeleke mbali na mahali pa kazi, na usilichomelee kamwe hata kama limekaa tupu kwa miaka. Mvuke uliobaki ndani unalipuka.

4. Liinue gari na liweke sawa. Weka stendi karibu na sehemu zinazobeba ekseli na sasipenshoni, ili uzito ukae kama ulivyokaa gari lilipokuwa barabarani. Stendi zikiwekwa vibaya, zenyewe ndizo zitakazoikunja bodi.

5. Pima. Milango ikiwa bado mahali pake, pima nafasi kati ya mlango na bodi juu, katikati na chini, pande zote. Pima mshazari wa kila tundu la mlango, na mshazari wa gari lote kwa kushusha timazi kutoka sehemu za sasipenshoni hadi sakafuni. Linganisha na vipimo vya kitabu cha ufundi cha modeli yako. Andika kwenye daftari, si kwenye kuta. Kama nafasi ya juu ya mlango imebana na ya chini imepanuka, gari limeshalegea katikati. Lirudishe sasa, kwa kulisukuma juu polepole kwa jeki yenye kipande cha mbao huku ukitazama nafasi hizo, kabla ya kukata chochote.

6. Egemeza. Kwenye kila tundu la mlango, funga bomba za mraba kutoka nguzo ya bawaba hadi nguzo ya kitasa, moja juu na moja ya mshazari, kisha bomba jingine linalovuka gari kutoka upande hadi upande. Zikae kwenye chuma kizima. Ukiweza, zipange ili mlango uweze bado kufungwa, kwa sababu mlango ndio kipimo chako bora. Pima tena baada ya kuegemeza. Kama una haraka ya kuruka hatua moja katika mwongozo huu wote, iwe nyingine yoyote ila hii.

7. Kata upande mmoja tu, sehemu moja kwa wakati. Kizingiti cha kulia kiishe kabisa kabla hujagusa cha kushoto. Toboa nukta za kiwandani kwa biti yake badala ya kupasua kila kitu kwa grainda, ili bati la chini lililo zima lisiumie. Kata mpaka ufike kwenye chuma kizima, chenye unene wake kamili na kung'aa baada ya msasa. Bati lenye vijishimo vyeusi lisikushawishi: limebaki nusu unene na litatoboka ukilichomelea.

   Hapa kuna kosa linalorudiwa sana kwenye MGB. Kizingiti chake hakiishii pale macho yanapoishia. Kinaingia nyuma ya madigadi ya mbele na chini ya madigadi ya nyuma. Wengi hukata kile kinachoonekana tu, wakabandika kipande kifupi. Kinapendeza, lakini ncha mbili zilizooza zimebaki ndani, na nguvu ya gari ilikuwa hukohuko. Fungua madigadi ya mbele, kata ukingo wa chini wa yale ya nyuma, kisha badilisha tabaka zote kwa mpangilio: za ndani kwanza, ya nje mwisho.

8. Tengeneza kiraka. Weka kadibodi juu ya tundu, chora, kata, jaribu, rekebisha, ndipo uhamishie kwenye bati. Sehemu za nje zinatosha kwa bati la milimita 0.9; sehemu za kubeba uzito zipe unene wa kiwanda, mara nyingi milimita 1.2 au zaidi. Kiraka cha nje kikae sawa na ukingo wa tundu, ukiacha mwanya usiozidi milimita 1. Kiraka kilicholalia juu ya bati la zamani hunasa maji kati ya tabaka mbili na kutu huanza upya. Zungusha kona za kiraka. Kona kali hukusanya joto mahali pamoja na kupinda.

9. Jaribu kila kitu kabla ya kuchomelea. Bana kizingiti kipya kwa vibano, rudisha mlango, rudisha madigadi, funga boneti. Nafasi zikilingana na daftari, endelea. Zikikataa, rekebisha sasa, kazi ikiwa bado ya vibano. Baada ya kuchomelea, marekebisho hayo yatakuwa ya grainda.

10. Chomelea kwa nukta. Safisha chuma mpaka king'ae pande zote mbili, rangi na zinki vitoke. Piga nukta moja, ruka sentimita 3, piga nyingine, nenda upande wa pili, rudi. Bati likipata joto kiasi cha kutogusika, subiri. Nukta zikishashika kote, jaza katikati yake kwa mtindo uleule wa kuruka. Usichore mstari mrefu kwa mkupuo. Bati jembamba litajikunja. Mahali palipokuwa na nukta za kiwandani, toboa tundu la milimita 6 hadi 8 kwenye bati la juu, bana tabaka zote pamoja, kisha jaza tundu ukianzia kwenye bati la chini. Mabati yatakayofunikana yapakwe kwanza praima (rangi ya msingi) ya zinki inayoruhusu kuchomelewa, uondoe kidogo pale tundu lilipo.

    Kila ukimaliza, kaa na gari. Saa nzima. Tazama ndani, nusa, gusa upande wa pili. Moto wa gari lililochomelewa mara nyingi huanza fundi akishaondoka, kwenye sponji iliyosahauliwa nyuma ya ukuta wa bati.

11. Pima tena, kisha geukia upande wa pili. Tofauti ya mshazari ikizidi milimita 3 ya ile uliyoandika, simama utafute sababu kabla ya kukata zaidi. Bomba za kuegemeza zitoke vizingiti, sakafu na nguzo za pande zote zikiisha, zisitoke mapema.

12. Toa kutu ya juujuu. Ile isiyotoboa, iondoe kwa brashi ya waya, diski ya msasa, au kwa kupuliziwa mchanga na fundi anayejua bodi za magari. Kuhusu mchanga nina msimamo: ni mzuri kwa chasisi, mikono ya sasipenshoni na kona ngumu, lakini usiupeleke kwenye boneti, paa au uso wa mlango. Mabati mapana hutanuka na kuyumba, na hayarudi. Mchanga pia hujificha ndani ya maboksi ukitoka kidogo kidogo, mara nyingi siku ya kupiga rangi.

    Vipuri vidogo viloweke kwenye asidi ya sitriki au siki, visugue, suuza na kausha upesi. Springi na bolti ngumu usizitie kwenye asidi, zinaweza kupoteza unyumbufu na kukatika. Ukitoa kutu kwa umeme ndani ya maji yenye magadi ya kufulia, kipuri kifungwe upande wa hasi, chuma cha kafara, kile cha upande wa chanya, kiwe cha kawaida na kamwe kisiwe cha pua kisichoshika kutu, maana hicho huacha sumu ya kromi majini. Fanya nje, kwa kuwa hewa inayotoka ni haidrojeni.

    Na dawa ya kutu je? Ile yenye asidi ya fosforiki inafaa kwa vijishimo ambavyo msasa haufiki, kwenye bati ambalo bado lina unene. Haijazi tundu wala hairudishi nguvu. Isuuze kama chupa inavyosema kabla ya praima ya epoksi, la sivyo praima haitashika.

13. Funga chuma. Bati tupu huanza kuota kutu ndani ya saa chache hewa ikiwa na unyevu, hivyo safisha eneo unaloweza kulipaka siku hiyohiyo. Futa mafuta, paka praima ya epoksi, kisha ziba maungio yote kwa gundi ya maungio, hata yale yasiyoonekana.

14. Nyoosha na upige rangi. Puti iende juu ya epoksi, isizidi milimita 3 kwa unene, kwa kuwa puti hunyonya maji na nene hupasuka. Rangi zenye kigumu cha isosayanati zinaweza kuharibu mapafu kwa kudumu, na barakoa ya kawaida haizuii. Zinataka hewa safi inayoletwa kwa bomba. Kama huna, mpe fundi rangi mwenye chumba chake. Hakuna aibu katika hilo.

15. Jaza nta ndani ya maboksi. Baada ya rangi kukauka, pulizia nta ya kuzuia kutu ndani ya vizingiti, milango na mihimili kwa mrija mrefu, hadi uione ikichungulia kwenye matundu ya kutolea maji. Kisha zibua matundu hayo kwa waya. Nta ikitangulia rangi, rangi haitashika. Ikitangulia kuchomelea, itawaka.

16. Kabla ya gari kutembea lenyewe, badilisha bomba za breki za chuma, mipira yote ya breki na ya mafuta, na oili ya breki. Oili hiyo hunywa unyevu wa hewa, na gari lililokaa huwa limeota kutu ndani ya silinda za breki pia. Mtafute fundi mwenye uzoefu akague uchomeleaji wa sehemu za kubeba uzito na mkanda wa usalama.

Onyo moja ninalolirudia kwa kila mtu

Baadhi ya dawa za kusafishia breki zina klorini. Zikikutana na joto la kuchomelea hutoa fosjini, gesi inayoua. Usisafishe kwa dawa hiyo bati utakalolichomelea, hata kama linaonekana kavu. Tumia asetoni, iache iishe kabisa, na uweke chupa mbali. Bati lenye zinki nalo ukilichomelea bila kulisugua, moshi wake mweupe hukuachia homa na maumivu ya mwili. Fanya kazi mahali penye hewa. Vumbi la risasi ni jambo jingine: bodi nyingi za zamani zilijazwa risasi kwenye maungio kiwandani. Ukiona chuma laini cha kijivu kikiyeyuka, usikigrainde.

Mambo yakiharibika

*Bati linatoboka kila nukta.* Angalia unene kwanza. Huenda bado uko kwenye chuma kilichooza, kata zaidi. Kama ni zima, punguza umeme, fupisha nukta, na weka kipande cha shaba nyekundu nyuma ya mwanya. Shaba hunywa joto na haishikani na weldi.

*Weldi ina vijitundu kama sponji.* Gesi haifiki. Angalia chupa, upepo unaopita, mdomo wa bunduki uliojaa cheche, au rangi na grisi iliyobaki kwenye bati. Sugua yote uitoe, usiifunike kwa nyingine.

*Weldi imekaa juu kama shanga.* Haijazama. Ongeza umeme, kisha jaribu kwenye vipande viwili vya taka na uvirarue kwa koleo. Bati lipasuke, weldi ibaki.

*Bati limevimba au limezama.* Weldi ikipoa hujikunja na kuvuta bati. Weka fuawe nyuma, gonga juu ya weldi yenyewe kwa nyundo taratibu ili itanuke tena. Kugonga pembeni kunazidisha tatizo.

*Bolti imeganda.* Ipake mafuta ya kupenya siku kadhaa mfululizo, gonga kichwa chake, jaribu kukaza kidogo kabla ya kulegeza. Joto husaidia, mbali na mafuta, mipira na breki. Ikikatika, toboa katikati kwa biti ndogo ukiongeza polepole.

*Mlango haufungi baada ya kizingiti kipya.* Usiguse bawaba kwanza. Rudi kwenye daftari, pima mshazari, tazama stendi zimekaa wapi. Kama vipimo vimehama, kata nukta za kizingiti, rudisha umbo kwa jeki, egemeza, chomelea upya. Bawaba zinarekebisha milimita mbili tatu tu, na ukizitumia kuficha bodi iliyolegea, mlango utafunga gari likiwa juu ya stendi na utakwama mara likishuka kwenye magurudumu.

*Rangi imeanza kuvimba kwa vipovu baada ya muda.* Kutu ilibaki nyuma ya bati au maji yananaswa. Chunguza tundu la kutolea maji la sehemu hiyo kwanza. Mara nyingi limezibwa na gundi au nta. Kisha fungua upande wa ndani utazame. Vipovu vikifuata mstari wa weldi, upande wa nyuma haukupakwa kitu, na hapo itabidi kukata, kusafisha, kupaka epoksi pande zote mbili na kurudisha nta ndani.